Jiko Letu: Mchuzi wa mananasi na prini kwa nyama ya kuchoma



Boti za Idjwi zikifika Bukavu zimejaa mananasi, bei haikai. Asubuhi mama mwenye kuuzisha anaishikilia. Jioni anaomba mumchukulie kwa bei yoyote, sababu nanasi lililoiva kupita kiasi halivumilii usiku mwingine juu ya simenti. Sisi wanunuzi tunafurahi. Yeye anarudi nyumbani akihesabu feza ya boti, feza ya mbebaji na ushuru wa soko, na yale aliyoyaacha yanaishia kwenye takataka. Ni vilevile kwa prini ya Japoni, lile tunda jekundu lenye umbo la yai ambalo jirani zetu wa Rwanda wanaliita ikinyomoro. Milimani zinaanguka chini ya mti, watoto wanakula mbili tatu, zilizobaki zinaoza.

Juma hili tunapika matunda hayo ya jioni. Tunafanya mchuzi mzito, mtamu na mchachu, wenye harufu ya moshi kidogo, wa kupaka juu ya brosheti za mbuzi, kuku, samaki, hata juu ya makemba ya kuchoma. Katika maduka makubwa kuna chupa za mchuzi wa namna hii kutoka ng'ambo. Mkisoma karatasi iliyobandikwa juu yake mtakuta sukari, vinegre na tomati, kisha majina marefu. Hakuna siri pale. Kitu kimoja tu tunaomba mkielewe mbele ya kuwasha makala, maana ndicho kinachotengeneza mchuzi huu na ndicho kinachoweza pia kuuharibu: uchachu.

Uchachu wa nanasi, wa prini, wa maracuja, wa vinegre, ni asidi. Asidi ndiyo inayokata mafuta ya nyama mdomoni, ndiyo sababu kipande cha pili kinapendeza kama cha kwanza. Tena ndiyo inayozuia vijidudu vingi kuzaana. Mafundi wa vyakula wanaupima uchachu kwa namba: kadiri namba inavyokuwa ndogo, uchachu unakuwa mkali zaidi. Kidudu cha botulizimu, kile kinachotoa sumu mbaya ndani ya chakula kilichofungwa, hakikui pahali ambapo namba iko chini ya 4.6. Nanasi na prini ziko chini ya hapo. Lakini kitunguu kiko juu, na kitunguu saumu kiko juu zaidi. Kwa hiyo mama anayesema "mimi napenda vitunguu vingi, vinegre kidogo" anabadilisha zaidi ya ladha. Kwa mchuzi wa kula leo, afanye anavyotaka. Kwa mchuzi wa kuweka ndani ya chupa, afuate vipimo.

Hivi ndivyo vipimo kwa mchuzi wa karibu litre 1. Nanasi 1 la wastani lililoiva, ambalo likimenywa linabaki na nyama ya gramu 700 au 800. Prini 6 kubwa. Kitunguu 1, saumu punje 4, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Kikopo 1 kidogo cha tomati, kile cha gramu 70. Vinegre robo ya litre. Sukari vijiko vya supu 5, chumvi kijiko cha chai 1 na nusu, pilipili manga kidogo, kijiti kifupi cha mdalasini kama kinapatikana. Pilipili kali tunaiacha pembeni kwanza, tutasema sababu. Mafuta hatutii hata tone. Mafuta yataletwa na nyama yenyewe.

Kuhusu vinegre: nunueni ile yenye karatasi inayoonyesha asidi, isiwe chini ya 5 kwa mia. Ile inayopimwa sokoni ndani ya chupa ya maji ya zamani, hakuna anayejua imechanganywa na maji mara ngapi. Wapo wamama wanaotengeneza vinegre nzuri sana kwa maganda ya nanasi, na kwa kachumbari hatuna neno. Kwa kuhifadhi, hapana, maana nguvu yake inabadilika kila mara.

Sasa sufuria, na hapa tunaomba msitupite haraka.

Sufuria nyingi tunazopikia ni zile nzito za aluminiumu zinazoyeyushwa na mafundi wetu kutoka vyuma chakavu: vipande vya moteri, vya radiateri, makopo, chochote kilichopatikana. Ni imara, ni za bei nzuri, na tunajua kwamba katika nyumba nyingi hakuna nyingine. Lakini uchunguzi uliofanywa juu ya sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni, uliotangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kitu chenye asidi kikichemka ndani yake kinavuta risasi kutoka kwenye chuma. Risasi tunayosema ni ule ule madini unaoitwa plombo. Haina harufu, haina ladha, na inaharibu akili ya mtoto anayekua hata ikiwa kidogo, na pia ya mtoto aliye tumboni. Mchuzi wetu unachemka muda wa saa nzima ukiwa na vinegre na nanasi. Hakuna chakula kibaya zaidi kwa sufuria ya namna hiyo.

Tumieni sufuria ya inoksi, au ya emaye ambayo haijabanduka ndani. Kama katika barabara yenu nzima kuna sufuria moja tu ya inoksi, basi ndiyo ya kuazima siku hiyo. Kikundi kinaweza kununua moja na kuizungusha kwa zamu kama tunavyozungusha mambo mengine. Na kama haipatikani kabisa, tunapendelea msipike mchuzi huu. Kuleni nanasi kama lilivyo, ni tamu.

Kazi yenyewe inaanza juu ya makala. Kama mmekwisha kupika maharagwe na mbabula bado ina moto, huo ndio wakati mzuri, msiwashe makala mapya. Wekeni prini nzima na kitunguu kilichopasuliwa katikati moja kwa moja juu ya wavu. Geuzeni mpaka ngozi ya prini iwe nyeusi na ipasuke, na kitunguu kiungue kidogo pembezoni. Mchuzi wa chupa za ng'ambo mara nyingi unatiwa harufu ya moshi kutoka kiwandani. Sisi moshi tunao bure. Ngozi ya prini ina uchungu, kwa hiyo iondoeni yote, itatoka yenyewe kwa vidole. Mbegu ziacheni kwanza.

Katakateni nanasi, toeni ule moyo mgumu wa katikati, ponda yote ndani ya kinu pamoja na saumu na tangawizi. Mwenye miksere na umeme atumie miksere. Kinu kinafanya kazi ile ile na hakingojei umeme urudi. Tieni vyote ndani ya sufuria, pamoja na prini, kitunguu, tomati, vinegre, chumvi na mdalasini. Sukari itiwe nusu tu mwanzoni. Chemsheni kwa moto mdogo, sufuria ikiwa wazi, mkikoroga kila mara, hasa katika dakika 20 za mwisho ambapo mchuzi unaanza kuruka na kuchoma mikono. Watoto wakae mbali. Nyuma ya dakika 30 toeni mdalasini, pitisheni mchuzi kwenye kichujio mkiusukuma kwa mwiko ili mbegu zibaki juu, urudisheni motoni, onjeni, ndipo mtie sukari iliyobaki. Nanasi la jioni lililoiva sana pengine halitataka sukari yote. Msiitie kwa sababu tu tumeiandika.

Namna ya kujua umeiva: wekeni tone juu ya sahani baridi. Kama maji yanatoka pembeni na kufanya mviringo, bado. Kama tone linakaa pamoja na halikimbii mkiinamisha sahani, tayari. Kwa kawaida ni dakika 45 hadi 60 kwa jumla.

Hapo gawanyeni. Sehemu moja wekeni pembeni kwa watoto, na ile ya wakubwa ndiyo itiwe pilipili kali iliyopondwa, kisha ichemke tena dakika 5. Mkitia pilipili tangu mwanzo, nyumba nzima inalazimika kula kwa ulimi wa baba. Watoto wa chini ya mwaka 1 hawahitaji mchuzi huu hata kidogo, wala chumvi yake wala sukari yake. Na kama mmetumia asali pahali pa sukari, jambo ambalo linapendeza sana, basi hilo ni katazo kwao: asali haipewi mtoto mbele ya kutimiza mwaka 1, hata ikiwa imepikwa.

Mama mmoja ametuuliza kwa nini nyama yake inatoka nyeusi na chungu kila mara anapopaka mchuzi wa sukari. Jibu liko katika swali: anapaka mapema. Sukari inaungua upesi kuliko nyama inavyoiva. Brosheti ichomwe kwanza na chumvi na saumu peke yake, iive karibu kabisa, ndipo ipakwe mchuzi katika dakika 5 za mwisho, igeuzwe mara mbili, ipakwe tena, itoke. Kuku mwenye mifupa anataka muda mrefu zaidi motoni, lakini mchuzi wake ni ule ule wa dakika za mwisho. Siku ya sikukuu wababa wengi wanapenda kusimama wao mbele ya mbabula. Vizuri. Wapeni mchuzi wakati nyama imekwisha kuiva; mkiwapa bakuli mwanzoni wataipaka yote.

Brashi si lazima. Fungeni pamoja majani ya vitunguu mabichi, ni brashi nzuri na inatoa harufu yake. Lakini bakuli la kupakia lisiwe bakuli la mezani. Brashi iliyogusa nyama mbichi ikirudi ndani ya mchuzi, mchuzi ule umekwisha kuwa mbichi kama nyama. Tengeni kidogo cha kupakia, na kitakachobaki humo kimwagwe.

Kwa mbuzi mzee mwenye nyama ngumu, kuna msaada mwingine ndani ya nanasi. Nanasi bichi lina kitu kinachoitwa bromelaini, kinachokatakata nyama. Ndicho hicho pia kinachouma ulimi tukila nanasi kupita kiasi. Pakeni nyama maji ya nanasi bichi nusu saa au saa 1 mbele ya kuchoma, nayo italainika. Isilale usiku kucha, mtakuta asubuhi imekuwa kama uji juu na ngumu ndani. Samaki asiguswe na maji hayo, ni laini tayari. Na mchuzi uliopikwa hautalainisha chochote, sababu moto umekwisha kuua bromelaini. Msitazamie kazi hiyo kutoka kwake.

Tuje kwa kuhifadhi. Mchuzi wa kula ndani ya siku mbili tatu unaweza kukaa ndani ya chupa safi, pahali pa baridi, umefunikwa. Mwenye friji inayopata umeme kweli anaweza kuuweka majuma 2. Kwa muda zaidi, chupa lazima zichemshwe. Chukueni chupa ndogo za kioo zenye mdomo mpana na kifuniko cha chuma kisicho na kutu, kile ambacho utando wake wa ndani haujapasuka. Osheni, chemsheni chupa na vifuniko, jazeni mchuzi ukiwa bado unachemka, acheni nafasi ya upana wa kidole juu, fungeni. Kisha zipangeni ndani ya sufuria kubwa juu ya kitambaa, maji yazipite kwa vidole viwili, mchemshe. Kwa hii chemsha ya nje sufuria ya aluminiumu haina shida, maana mchuzi haugusi.

Dakika ngapi? Hapa vitabu vya ng'ambo vinatudanganya bila kujua, maana vingine vimeandikwa kwa watu wa kando ya bahari, ambako maji yanachemka kwa nyuzi 100. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1,500 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka kwa nyuzi 95 hivi. Yanaruka na kutoa moshi kama yale yale, lakini hayana moto ule ule. Kitabu kikisema dakika 15, sisi tunachemsha 25, tukihesabu tangu maji yanapoanza kuruka. Wale wa Masisi na wa milima ya juu waongeze dakika 5 tena. Chupa zikipoa, bonyezeni katikati ya kifuniko: kikiwa kimezama na hakilii, kimeshika. Kikirukaruka, chupa hiyo iliwe kwanza, leo au kesho.

Andikeni tarehe. Malizeni ndani ya mwezi 1. Chupa iliyovimba kifuniko, inayotoa povu au pumzi ikifunguliwa, au yenye harufu ya pombe, imwagwe pahali ambapo watoto na kuku hawafiki. Msionje ili kuhakikisha. Tumesikia wengi wakisema kutupa chakula ni dhambi. Hospitali ina bei kuliko nanasi.

Kikundi kimoja cha wasomaji wetu kimetuuliza kama kinaweza kuchukua feza ya likelemba kununua chupa 200 na kuanza kuuzisha mbele ya sikukuu. Tumejibu hapana, na tunasema sababu hapa kwa faida ya wengine. Feza ya likelemba ina mwenye zamu yake. Yule mama anayengoja zamu ameishaihesabu: ni minervali ya watoto, au mabati, au mtaji wake wa unga. Ikigeuka kuwa chupa zilizopangwa chini ya kitanda, yeye ndiye anayelipa kujifunza kwetu. Tena katika biashara hii matunda ndiyo rahisi. Kinachokula feza ni chupa, vifuniko, vinegre, makala na zile chupa mbili tatu zitakazopasuka ndani ya maji. Pigeni hesabu ya sufuria moja kwanza, kwa kalamu, pamoja na saa za kazi yenu, mkaone chupa moja imewagharimu kiasi gani kweli. Na mtu akitaka kuiweka dukani, bidhaa hiyo inapaswa kupimwa. Hiyo ni kazi ya OCC, na gharama yake iingie katika hesabu.

Kuna njia nyingine ndogo ambayo sisi tunaipenda zaidi. Kila jioni kuna wamama wanaochoma brosheti, samaki na makemba kando ya barabara. Wengi wanatoa pilipili tu. Wapelekeeni ndoo ndogo safi yenye kifuniko, ya plastiki ya chakula, mchuzi ukiwa umepoa kwanza, muwauzie kwa kipimo cha lushi. Hakuna chupa ya kununua, hakuna cha kungoja mwezi mzima, mchuzi unamalizika usiku ule ule, na asubuhi mnajua kama watu wameupenda au la. Sufuria moja, wauzaji wawili au watatu. Mama mwenye mananasi ya jioni naye apate mnunuzi anayejulikana, anayekuja kila siku saa ile ile. Mkiendelea hivyo miezi miwili na feza inaonekana, hapo maneno ya chupa yatakuwa na msingi.

Kwa wasomaji wetu wa Uvira na wa bonde la Ruzizi ambako nanasi si nyingi lakini maembe yanajaa: tumieni embe kwa kipimo kile kile cha nanasi, ila chagueni nusu yakiwa yameiva na nusu bado magumu. Embe lililoiva sana lina uchachu mdogo, wakati mwingine linakaribia ile namba 4.6 na hata kuipita, kwa hiyo ongezeni maji ya malimao 2 makubwa na msipunguze vinegre. Huko hakuna haja ya zile dakika za ziada zote, ziwa Tanganyika liko chini kuliko letu. Dakika 20 zinatosha. Maracuja yanaweza kuingia pahali pa prini popote mlipo: matunda 8, maji yake tu yaliyochujwa. Mchuzi wake unatoka mwepesi zaidi, na kwa samaki sisi tunaona ndio bora kuliko huu wa prini.

Juma lijalo tutajibu maswali yenu juu ya unga wa soya kwa uji wa watoto. Maswali yaletwe kwa mwandishi wa kikundi chenu mbele ya siku ya tano.